Mantiki fuzi si kubahatisha

Kosa hili nimelisikia tena juzi hapa Lindi, watu wakizungumzia upimaji wa maji ya Mto Lukuledi: "Tutatumia mantiki ya ukungu, ile ya kompyuta kukadiria uwezekano wa maji kuwa machafu." Aliyesema ni mtu makini na kazi yake naiheshimu. Ila sentensi hiyo ina makosa mawili, na yote yanaanzia kwenye jina.

Maana kwa ufupi: mantiki fuzi (kwa Kiingereza fuzzy logic), hiyo aliyoiita mantiki ya ukungu, ni hesabu inayokubali jambo liwe kweli kwa kiasi fulani, kuanzia 0 hadi 1, badala ya ndiyo au hapana peke yake. Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika misingi yake mwaka 1965. Miaka ya 1970 Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania, akaitumia huko London kuendesha mtambo mdogo wa mvuke kwa kanuni za maneno. Njia yake ndiyo hiyo leo inayopelekwa mtoni.

Sasa jina. "Mantiki" tumelipata kwenye Kiarabu, na shina lake huko ni kunena. Hilo halina ugomvi. Ugomvi uko kwenye "ukungu". Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo, "fuzzy", asili yake ni vinyuzi laini, kama vya sufi tunayojazia mito ya kulalia. Tunda la msufi likipasuka, tazama ukingo wa lile bonge jeupe. Sufi imeishia wapi, hewa imeanzia wapi? Mpaka haupo.

Ukungu ni kitu kingine kabisa. Ukungu wa asubuhi ukiifunika Kitunda, ng'ambo ya ghuba, Kitunda ipo palepale na kila mnazi uko mahali pake. Aliyepungukiwa ni mtazamaji. Jua likipanda, kila kitu kinaonekana. Kwenye fuzi hakuna jua litakaloleta mpaka, maana mpaka haukuwepo tangu mwanzo. Panda boti maji yanapojaa, chovya kidole ulambe: chumvi. Panda na mto kwenda juu, onja tena: chumvichumvi. Endelea hadi yawe maji baridi. Hakuna nguzo iliyochomekwa kwenye tope la mikoko kusema bahari mwisho hapa. Tena angalia lugha yetu ilivyolimudu jambo hili bila kompyuta: chumvichumvi, tamutamu, vuguvugu. Bibi anayeyaita maji ya kuoga vuguvugu habahatishi; anajua kabisa yalivyo.

Ndiyo maana neno "uwezekano" linaniumiza zaidi. Ukiambiwa uwezekano wa mvua kesho ni 0.6, kesho itafika, itanyesha au haitanyesha, na ile 0.6 imekwisha kazi. Lakini chota chupa ya maji ya Lukuledi baada ya mvua kubwa, ipime leo, uipime tena mara kumi papo hapo. Kama ni "yenye tope" kwa 0.6, itabaki 0.6. Hakuna siri iliyobaki ndani ya chupa. Tunayajua maji hayo, na tunachojua ni kwamba yana tope kwa kiasi hicho.

Hesabu yenyewe haitishi. Tuseme wapimaji wamekubaliana kwamba oksijeni ya miligramu 4 kwa lita ni ndogo kabisa na ya 8 inatosha kabisa. Maji yenye miligramu 5 yatakuwa na oksijeni "ndogo" kwa 0.75. Kanuni ikisema "oksijeni ikiwa ndogo na tope likiwa jingi, maji ni mabaya", tunashika namba iliyo ndogo kati ya 0.75 na 0.6, yaani maji ni mabaya kwa 0.6. Kanuni zote zikishasema, majibu yanaunganishwa kuwa alama moja ya mto. Ile 4 na ile 8 zimewekwa na watu, kwa hiyo waulizwe wamezipata wapi. Na bakteria wa kinyesi kwenye maji ya kunywa siwaingizi humu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kwamba wasionekane kabisa katika mililita 100.

Kwa hiyo sentensi ya juzi naomba isomeke hivi: "Tutatumia mantiki fuzi, ile inayotuambia maji haya ni mabaya kwa kiasi gani." Uwezekano tuuachie utabiri wa mvua.