MAS za Italia: boti ndogo, sifa za kuzidishiwa

Zitajwe MAS, boti ndogo za kivita za Italia, utasikia kwanza habari ya mwendo: eti hakukuwa na meli ya kuzikamata. Kwa zile za Vita ya Pili ya Dunia, sawa. Aina ya MAS 500, yenye injini za petroli za Isotta Fraschini, ilipita kilomita 70 kwa saa bahari ikiwa shwari. Lakini boti zilizojenga jina hilo ni za Vita ya Kwanza, nazo ziliambulia kilomita 40 na ushei. Meli nyepesi za kivita za Austria-Hungaria, adui wa Italia katika vita hiyo, zilizidi 50. Mchana kweupe, mbio hizo MAS isingezishinda.

Nguvu yake ilikuwa kunyemelea. Baadhi zilifungwa mota ndogo za umeme, injini ya petroli ikazimwa, boti ikasogea polepole bila kelele. Desemba 1917, MAS 9 ya Luigi Rizzo, ofisa wa jeshi la majini la Italia, iliingia hivyo usiku bandarini Trieste ikaizamisha manowari Wien, meli kubwa ya kivita ya Austria-Hungaria.

Shambulio la Premuda, kisiwa cha bahari ya Adriatiki, alfajiri ya Juni 10, 1918, ndiyo inayosimuliwa zaidi, na mara nyingi kwa makosa. Rizzo hakwenda kuitafuta Szent István, manowari ya Austria-Hungaria ya tani 20,000 hivi. Alikuwa anamaliza doria, yuko njiani kurudi, akaona moshi. Badala ya kuongeza kasi akapunguza, maana povu la omoni ndilo linalomsaliti mtu kabla hata hajasikika. Akapenya katikati ya boti za ulinzi na MAS 15 yake ya tani 16 hivi, akaachia topedo mbili, yaani mabomu yanayojiendesha majini. Zote zikapiga. Boti moja ilipomkimbiza, akaitupia kutoka tezini mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji. MAS 21, iliyokuwa naye, iliilenga manowari ya pili, Tegetthoff, na haikuambulia kitu, jambo ambalo wasimuliaji hulisahau kirahisi.

Szent István nayo haikuzama papo hapo. Ilipambana na maji kwa zaidi ya saa mbili.

Na mizinga? Zipo MAS zilizofungwa mzinga mdogo wa kuwindia nyambizi, ila dhidi ya manowari usingefua dafu. Kilichoua ni topedo za milimita 450 zilizobanwa ubavuni kwa makoleo. Yanafunguka, topedo inadondoka majini na kwenda yenyewe, kwa hiyo boti haibebi uzito wa mirija ya kufyatulia.

Wengine huipa MAS sifa ya kuiangamiza Manchester, meli ya kivita ya Uingereza, Agosti 1942. Hizo zilikuwa MS 16 na MS 22, boti kubwa zaidi, za ukoo mwingine. Bora waitaje MAS 213, ya muundo wa kizamani, iliyoipiga Capetown, nayo meli ya kivita ya Uingereza, nje ya Massawa, Eritrea, Aprili 8, 1941, siku ambayo mji huo ulianguka. Capetown iliharibika vibaya, lakini haikuzama.