Mkutano wa Hartford haukuamua kujitenga

Husimuliwa kwamba mwaka 1814, Marekani ikiwa vitani na Uingereza, wanasiasa wa chama cha Federalist walikutana Hartford, Connecticut, wakaamua kuyatenga na Marekani majimbo ya New England, yaani yale ya kaskazini-mashariki mwa nchi. Sivyo.

Kuvipinga vita, walivipinga kweli. Juni 1812 Baraza la Wawakilishi liliviidhinisha kwa kura 79 dhidi ya 49, na hakuna Mfederalisti hata mmoja aliyeunga mkono. Watu wao waliishi kwa biashara ya baharini. Gavana Caleb Strong wa Massachusetts alikataa hata kutoa wanamgambo wake.

Ila wajumbe 26 wa Hartford, waliojifungia faraghani (hapo ndipo uvumi uliponona), walitoka na madai ya kurekebisha katiba: vita vitangazwe kwa theluthi mbili ya Bunge, rais atawale muhula mmoja tu. Wenye hamu ya kujitenga walikuwepo New England, lakini mkutanoni hawakufua dafu.

Kilichowaponza ni tarehe. Madai yao yalifika Washington Februari 1815, wakati mji unashangilia ushindi wa Marekani dhidi ya Waingereza huko New Orleans na mkataba wa Ghent uliomaliza vita. Nani angewasikiliza?