Kwa nini mji mdogo wa Indiana hupiga kura ili kufunga mtaa mmoja kwa saa nne?

Tuseme majirani wa mtaa mmoja wa Wabash, mji wa watu kama 10,000 kaskazini mwa jimbo la Indiana nchini Marekani, wanataka kufunga barabara yao Jumamosi jioni ili wale pamoja na watoto wacheze bila kuogopa magari. Kila nyumba imekubali. Hata hivyo hawawezi kutoa meza nje, wakazipanga katikati ya lami na kuanza. Ombi lao sharti liandikwe, liingie kwenye ajenda, lisomwe mbele ya watu, mjumbe mmoja atoe hoja, mwingine aiunge mkono, kisha kura ipigwe. Kikao hicho ni cha Bodi ya Kazi za Umma na Usalama, chombo ambacho miji midogo ya Indiana inakitegemea kwa shughuli zake za kila siku.

Ombi la majirani si pekee linalosubiri. Siku hiyo hiyo bodi inaweza kumwapisha askari mpya wa zimamoto, kuidhinisha malipo ya chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa barafu, kumwamuru mwenye gofu la nyumba alibomoe, na kuruhusu gari la polisi lililochakaa lipigwe mnada. Msomaji anayekutana na orodha hiyo kwa mara ya kwanza ana haki ya kushangaa. Chumvi, askari na gofu vinahusiana nini?

Tuanze na wajumbe wenyewe. Sheria ya Indiana inaigawa miji katika madaraja matatu kufuatana na idadi ya watu. Daraja la kwanza lina mji mmoja tu, Indianapolis. Miji yenye watu chini ya 35,000 hivi imo katika daraja la tatu, na huko bodi huwa na watu wachache sana, mara nyingi watatu au watano, meya akiwa mmoja wao na waliobaki wakiteuliwa naye. Hawa si madiwani. Baraza la madiwani linatunga sheria ndogo na kupitisha bajeti. Bodi inaamua jinsi fedha iliyokwisha kupitishwa itakavyotumika, nani apewe kazi, na nani aruhusiwe kufanya nini juu ya ardhi ya umma.

Kwa msomaji wa Tanzania jambo geni zaidi hapa ni polisi. Kwetu Jeshi la Polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni vyombo vya taifa, na barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa taifa wa barabara hizo, tangu 2017. Kenya nayo ina polisi wa taifa, ingawa Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya zimamoto. Indiana mji wa watu 10,000 unaajiri polisi wake, unanunua magari yao, unawalipa na unawafukuza. Kwa hiyo lazima awepo mtu, au watu, wa kusaini.

Zamani ya Wabash inaonyesha jinsi mambo haya yalivyoanza kuwa mazito. Usiku wa tarehe 31 Machi 1880, taa nne za umeme ziliwashwa juu ya jengo la mahakama, na mji huo mpaka leo unajivunia kuwa wa kwanza duniani kuangazwa kwa umeme. Taa zikishafika, lazima ziwe na mkataba, fundi na bili. Zikafuata lami, mabomba ya maji taka, reli za mitaani. Miji mingi ya Marekani wakati huo ilikuwa inaacha kandarasi hizo mikononi mwa madiwani wengi kwa pamoja, na mambo yakiharibika haikujulikana nani aulizwe. Katiba mpya ya mji wa Indianapolis ya 1891 ilijaribu kutibu hilo kwa kumpa meya madaraka makubwa zaidi na kuweka bodi anazoziteua mwenyewe, ili kosa likitokea lijulikane ni la nani. Mji mkubwa uliweza kuwa na bodi mbalimbali. Mji mdogo hauna watu wa kujaza viti vyote hivyo, wala hauna haja, na ndiyo maana kazi za umma na usalama vimekaa meza moja.

Nadhani kukaa pamoja huko kuna faida kubwa kuliko inavyoonekana. Barabara inayofungwa kwa sherehe ndiyo hiyo hiyo itakayopitiwa na gari la wagonjwa mtu akizimia. Kanuni za zimamoto zinazotumika sana Marekani zinataka njia ya gari la zimamoto isipungue futi 20, karibu mita 6, bila kizuizi. Ombi la majirani linapojadiliwa, mkuu wa zimamoto, mkuu wa polisi na msimamizi wa barabara wanaweza kuulizwa papo hapo: gari litaingilia upande gani? Vizuizi vitaletwa na nani, na vinaweza kusogezwa na mtu mmoja? Watu wa upande wa pili watapita wapi? Na kama mtaa wenyewe ni sehemu ya barabara kuu ya jimbo, jambo la kawaida kwenye vitovu vya miji hii, kura ya bodi peke yake haitoshi. Idara ya usafiri ya jimbo nayo sharti ikubali.

Kuna maombi mengine yanayoonekana madogo hadi uyatazame kwa karibu. Ninalolipenda kuliko yote ni lile la bili ya maji taka. Mwenye nyumba anafika mbele ya bodi na karatasi mbili: bili ya mwezi uliopita na bili ya mwezi huu, ambayo imepanda mara nne. Bomba limepasuka chini ya nyumba. Anaomba apunguziwe. Sasa, bomba la maji taka linalotoka nyumbani kwa kawaida halina mita. Mji unasoma mita ya maji safi, unachukulia kwamba yote yaliyoingia yametoka kwenda kwenye mtambo wa kusafishia, na unatoza kwa hesabu hiyo. Basi swali la kwanza litakuwa: maji yalikwenda wapi? Kama yalizama ardhini, hayakufika mtamboni, hayakusafishwa, na kumtoza kwa huduma ambayo hakuipata si haki. Kama ni choo kilichokuwa kikivuja usiku na mchana, maji yale yote yalipita kwenye bomba la maji taka na mji uliyasafisha kwa gharama. Watu wawili wenye bili sawa kabisa wanaweza kuondoka na majibu tofauti, na majibu yote mawili yakawa ya haki. Mwombaji mwenye risiti ya fundi bomba inayoeleza mahali palipovuja amejirahisishia kazi.

Mashimo barabarani ni habari nyingine, na hapo bodi inapambana na majira. Maji yanaingia kwenye nyufa za lami, usiku yanaganda, na yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Mchana yanayeyuka, yanaacha uwazi, gari zito linapita, lami inazama. Indiana hali ya hewa huvuka mstari huo wa kuganda na kuyeyuka mara nyingi katika majira ya baridi moja, na mashimo huzaliwa kwa wingi Februari na Machi. Ubaya ni kwamba viwanda vya lami ya moto vingi hufungwa majira hayo, kwa sababu lami ya moto ikipoa upesi haishikani vizuri. Wafanyakazi wa barabara wanaziba kwa lami baridi, kiraka cha muda ambacho mara nyingi hung'oka kabla ya majani kuchipua. Mkazi anayelalamika kwamba shimo lilelile limezibwa na kufumuka tena anasema kweli, lakini mtu aliyeliziba hakuwa mzembe.

Dawa ya kudumu ni kuweka lami upya, na hiyo inahitaji fedha ambazo mji mdogo hauna. Tangu 2016 jimbo la Indiana lina mpango wa ruzuku unaochangia matengenezo ya barabara za miji na kaunti. Mji wenye watu chini ya 10,000 hutoa robo ya gharama na jimbo hutoa robo tatu. Mji uliovuka idadi hiyo hutoa nusu. Kwa kazi ya dola 400,000, mji wa kwanza unatafuta 100,000 na wa pili 200,000. Ndiyo maana sensa ni jambo la roho mkononi kwa miji iliyo karibu na mpaka huo. Mji pia unatakiwa uwe na mpango ulioidhinishwa unaoonyesha hali ya barabara zake zote. Njia inayotumika sana ni kuzipa alama 1 hadi 10 kwa kuzitazama kwa macho, 10 ikiwa lami mpya na 1 ikiwa barabara iliyokwisha kabisa.

Fedha ikipatikana, zabuni inatangazwa. Wazabuni wanaleta bahasha zilizofungwa kabla ya saa iliyotajwa, zikiwa na dhamana. Bahasha zinafunguliwa hadharani na kila bei inasomwa kwa sauti, na iliyochelewa hurudishwa bila kufunguliwa. Mtu angetarajia mwenye bei ya chini atangazwe hapo hapo. Mara nyingi hatangazwi. Bodi inampa mhandisi zabuni zote akazichambue, na uamuzi unakuja kikao kingine, kwa sababu sheria inataka mzabuni wa bei ya chini ambaye pia ana uwezo wa kazi na ametimiza masharti yote ya tangazo. Aliyesahau ukurasa mmoja uliotakiwa kusainiwa anaweza kuupotezea mji akiba ya maelfu ya dola, na yeye kupoteza kazi ya msimu mzima.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Kila ankara, ya chumvi, ya matairi, ya karatasi za ofisi, inaingia kwenye orodha ya madai, afisa wa fedha wa mji anaithibitisha, na bodi inaipigia kura. Wakaguzi wa jimbo, chombo kilichoanzishwa 1909, ndio wanaopanga fomu zitakazotumika na baadaye kuzikagua. Hapo ndipo mji unapozuiwa kumlipa mkandarasi kwa simu ya rafiki.

Upande wa usalama una uzito mwingine kabisa. Askari mpya wa polisi anaapishwa akiwa bado kwenye majaribio ya hadi mwaka mmoja, na ndani ya muda huo anatakiwa kwenda kwenye chuo cha polisi cha jimbo kilichoko Plainfield. Akikosea kidogo, mkuu wake anaweza kumkaripia au kumsimamisha bila mshahara kwa siku zisizozidi tano za kazi. Zaidi ya hapo, kumfukuza au kumshusha cheo, mambo yanafika kwenye bodi, isipokuwa pale mji ulipokabidhi kazi hiyo kwa tume maalumu. Askari anapewa mashtaka kwa maandishi, ana haki ya kusikilizwa, ya kuwa na wakili na ya kuleta mashahidi. Watu walewale waliokuwa wakijadili bili ya maji taka wanakaa kama mahakama, na asiyeridhika na adhabu nzito anaweza kukata rufaa katika mahakama halisi. Wajumbe wanaoteuliwa kwenye bodi hizi wanastahili kufundishwa sehemu hii ya kazi yao kabla ya siku wanayoihitaji, maana riziki ya mtu inakuwa mikononi mwao.

Kura zote hizi zinabanwa na Sheria ya Mlango Wazi, ambayo Indiana inayo tangu 1977. Tangazo la kikao linabandikwa angalau saa 48 kabla, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kikao cha faragha kinaruhusiwa kwa mambo machache yaliyotajwa, lakini uamuzi wa mwisho lazima upigiwe kura mlango ukiwa wazi. Yapo na matokeo ambayo wengi hawayatarajii. Sheria inahesabu kuwa ni kikao pale wajumbe walio wengi wanapokutana kwa makusudi ya shughuli za umma, hata kama ni kupokea taarifa tu au kujadiliana. Kwenye bodi ya watu watatu, walio wengi ni wawili. Kwa hiyo wajumbe wawili hawawezi kupanga kukutana mgahawani asubuhi wakazungumzia zabuni ya lami. Hicho tayari ni kikao, na kimefanyika bila tangazo. Wakikutana msibani au dukani kwa bahati hakuna kosa, mradi wasitumie nafasi hiyo kuikwepa sheria.

Mkazi yeyote anaweza kuingia, kukaa, kusikiliza na kurekodi. Akiona amefungiwa mlango, jimbo lina ofisi ya mshauri wa haki ya kupata taarifa za umma inayopokea malalamiko hayo. Kwa bodi kama hizi, haki ya kusimama na kusema haimo katika Sheria ya Mlango Wazi. Bodi nyingi hutoa dakika chache kwa wananchi kwa hiari yao, na miji ambayo bado haijafanya hivyo ingefaa ianze kikao kijacho, kwa sababu mtu anayeishi kando ya bomba lililopasuka analijua kuliko ramani ya mhandisi.