Je, wajua kwa nini Waingereza wakicheka sana husemwa wako "in stitches"?

Juzi, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, mpwa wangu aliyeko kidato cha pili alinionyesha sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba mchekeshaji fulani aliwaacha watazamaji "in stitches", kisha akaniuliza, "Mjomba, watu wamecheka tu, mbona wameshonwa nyuzi?" Swali lake lilikuwa na msingi, kwani neno hilo amelizoea kwa fundi cherehani na hospitalini, kidonda kinaposhonwa.

Hapo, hata hivyo, hakuna kidonda. Neno "stitch" limetokana na "stice" la Kiingereza cha kale, lililokuwa na maana ya mchomo wa kitu chenye ncha, na katika mchomo huo zimo maana mbili: pigo la sindano katika kitambaa, na maumivu makali ya ghafla ubavuni, kama yale yampatayo anayekimbia akiwa ameshiba. Maumivu hayo sisi huyaita kichomi, jina lililozaliwa na kitenzi kile kile cha kuchoma tunachokitumia kwa sindano, na kwangu mimi ulinganifu huo ndio unaofanya msemo huu ustahili kufundishwa kwa Kiswahili.

Anayecheka kwa nguvu hukaza mfululizo misuli ya tumbo na ile iliyo kati ya mbavu, akitoa pumzi kwa vishindo kabla hajawahi kuvuta nyingine, ndiyo maana huinama akishika ubavu. Shakespeare aliligusa jambo hilo katika tamthilia ya Twelfth Night, iliyoonyeshwa London mwezi Februari 1602, ambamo Maria anawaambia wanaotaka kucheka mpaka wapate vichomi wamfuate. Katika sentensi hiyo hiyo anaitaja bandama, kwa kuwa zama hizo iliaminiwa kuwa kicheko hutoka humo.

Leo msemo huu hutumika katika wingi tu. Umoja wake umebaki kwa kichomi chenyewe cha mkimbiaji. Msemo wenyewe haufai kwa tabasamu wala kicheko cha adabu, bali kwa kile kinachomshinda mtu kukizuia.

Nilimshauri mpwa wangu aache nyuzi, aandike kwamba mchekeshaji "aliwavunja mbavu" watazamaji. Aliandika, akatua kalamu, akaniuliza iwapo Mwingereza anayejifunza Kiswahili naye hatadhani kwamba mbavu zimevunjika kweli.