Kompyuta Imepandishwa Windows 11, Mizani Haisomeki

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, simu nyingi ninazopokea hapa Moshi zinafanana: kompyuta ya ghalani imepandishwa Windows 11, na mizani haileti tena uzito kwenye skrini. Karani anaandika kilo kwa mkono, magunia ya kahawa yanasubiri, na tayari yupo anayeshauri inunuliwe mizani mpya. Msinunue kwanza. Kinachogoma mara nyingi ni ule waya mfupi unaotoka kwenye tundu la pini tisa na kuingia kwenye USB.

Ndani ya waya huo mna chipu, na kila aina ya chipu ina draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa iliyo ndani ya Windows, angalia sehemu ya Ports. Ukikuta alama ya njano na maneno "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012", ugonjwa umejitaja wenyewe. Kampuni ya Prolific ya Taiwan iliacha kutengeneza toleo hilo la chipu mwaka 2012, na draiva zake mpya zinalikataa, liwe halisi au la kuiga. Windows ilipopandishwa ilijichukulia draiva mpya, nayo ikaufungia mlango waya uliokuwa ukifanya kazi jana yake.

Dawa ni kurudi nyuma. Mimi hutumia toleo 3.3.2.105 la mwaka 2008. Likishasakinishwa, bofya kifaa kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kusasisha draiva, kisha kutafuta ndani ya kompyuta, kisha kuchagua mwenyewe kwenye orodha. Hapo utaona matoleo yote yaliyomo. Chagua la zamani. Faili lenyewe lichukue mahali unapopaamini. Zile tovuti zilizojaa vitufe vikubwa vya kupakua ndizo zinazotuletea sisi mafundi kazi ya kuondoa virusi.

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Waya unafanya kazi, kesho mtu anafagia meza, anauchomoa na kuuchomeka tundu la pembeni, na tatizo linarudi lilelile. Chipu hizi kwa kawaida hazina namba yake ya pekee, kwa hiyo Windows huutambua waya kwa tundu ulipochomekwa. Tundu jingine, kwake ni kifaa kipya: inaleta tena draiva mpya, na COM3, jina ambalo Windows iliupa waya, inageuka COM7 huku programu ya mizani ikiendelea kuisubiri COM3. Bandika utepe kwenye tundu lile moja, andika "MIZANI", na mwambie anayefagia.

Kabla ya kuigusa mizani, pima waya peke yake. Unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa klipu ya karatasi, fungua PuTTY, programu ya kutuma na kupokea herufi kupitia waya, kwenye COM ile, andika herufi yoyote. Ikionekana kwenye skrini, waya na draiva ni vizima. Kinachobaki ni kasi ya mawasiliano, ambayo kwa mizani nyingi ni 9600, au ni programu yenyewe.

Kwa ghala linalopima kila siku, draiva ya 2008 ni kiraka tu, maana sasisho lolote linaweza kukibandua. Ningenunua waya wenye chipu ya kampuni ya FTDI, tena kwenye duka linalokubali kurudishiwa, kwa sababu bandia zake zimejaa. Oktoba 2014 draiva ya FTDI iliyoshushwa na Windows yenyewe ilifuta utambulisho wa chipu bandia, zikaacha kutambulika.

Chipu nyingine, CH340, ni ya bei rahisi na haina shida kubwa kwenye Windows. Ila kwenye Ubuntu 22.04 hunyakuliwa na brltty, programu ya maandishi ya wasioona, inayoidhania kuwa mashine ya breli. Kama hakuna anayetumia breli kwenye kompyuta hiyo, iondoe brltty, jiongeze kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia nyaya hizi, utoke na kuingia upya, halafu chomeka waya tena. Itatokea kama /dev/ttyUSB0.