Tiba ya muziki kwa watoto wenye usonji: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Tuanze na hii iliyoenea kuliko zote: eti mtoto mwenye usonji (autism, ile hali inayomfanya mtoto awasiliane na kuchangamana na watu kwa namna tofauti) ukimwekea muziki laini kwenye spika asubuhi mpaka jioni basi ushampa tiba ya muziki. Hapana jamani, hapo umemfungulia redio tu, si kosa, ila si tiba. Tiba yenyewe ni watu wawili wanapiga pamoja na mara nyingi mtoto ndo anaongoza. Mwaka 1959 kule Uingereza, kwenye makazi ya watoto ya Sunfield, mtunzi na mpiga piano wa Kimarekani Paul Nordoff alianza kufanya kazi na Clive Robbins, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, na walichofanya ni kumfuata mtoto alivyo, yaani mtoto akilia piano inaingia kwenye sauti ya kile kilio, akipiga ngoma ovyo piano nayo inashika mdundo huohuo wa ovyo, mpaka mtoto anashtuka kumbe kuna mtu ananijibu.

Mpaka leo sehemu kubwa ya kazi ni hiyo. Mtoto kagonga mara tatu, mtaalamu anagonga tatu, alafu ananyamaza. Sasa hapo kwenye kunyamaza ndo penyewe, manake mtoto akigeuka kuangalia mbona kimya, au akigonga tena kukuchokoza, keshaanza kupokezana zamu na mtu, na maongezi yote duniani yanaanzia hapo hata kabla neno la kwanza halijatoka. Spika haimsubiri mtu.

Wengine wanasema "Muziki unaponya usonji." Haupo muziki wa hivyo, na usonji sio malaria useme utapona. Ila pia wako wanaosema haisaidii kitu kabisa, na hao wana utafiti mkononi, ule mkubwa wa 2017 uliohusisha watoto 364 wa miaka 4 mpaka 7 kutoka nchi 9, na ni kweli baada ya miezi 5 dalili za upande wa kuchangamana na watu hazikuonyesha tofauti ya maana ukilinganisha na waliopata huduma za kawaida. Wakishasema hivyo wanafunga faili. Ila mwaka 2022 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za afya, walikusanya tafiti 26 zenye washiriki 1,165 wakaona picha yenye mchanganyiko: waliopata tiba ya muziki walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata nafuu kwa ujumla, ubora wa maisha ukapanda, ukali wa dalili kwa jumla ukapungua, lakini kwenye kuongea na kuchangamana haikuonekana tofauti ya wazi mwisho wa tiba. Kwahiyo mtu akikuahidi mwanao ataongea ndani ya mwezi, shika pochi yako vizuri, na spichi therapi (tiba ya kumsaidia mtoto kuongea) usiiache kwa sababu ya kinanda.

Hapo ndo wazazi wengi huchanganyikiwa, manake mtoto hajui kuomba maji lakini anaimba tangazo la TV mwanzo mwisho! Sio ajabu wala sio uchawi, daktari wa akili wa watoto Leo Kanner alipoandika kuhusu watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, yule wa kwanza tu alikuwa akiimba nyimbo nyingi bila kukosea akiwa na mwaka mmoja. Kuimba na kuongea havitembei pamoja siku zote.

Ile ya kwamba kusikiliza muziki wa Mozart kunaongeza akili naipitia haraka, jaribio lenyewe la 1993 lilikuwa la wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, na faida iliisha ndani ya dakika 10 hadi 15. Mtoto wako hakuwemo.

Kuna wanaoogopa, hasa huku pwani, kwamba ngoma na mtoto asiyeongea ni mambo ya kupunga pepo. Nawaelewa, ila kwenye kupunga kuna kitu kinatakiwa kitoke au kitulizwe, huku hakuna kinachotolewa, na mtoto akichoka anaruhusiwa kuondoka zake. Na kuchoka kupo kweli, wapo ambao sauti ya juu inawaumiza hasa, wanaziba masikio na kulia, sasa bibi anasema "muongezeeni atazoea". Punguzeni bibi, anzeni na kayamba moja taratibu, akiziba masikio acheni.

Nyumbani unaweza kucheza hivyo na mwanao hata kwa sufuria na mwiko, imba wimbo anaoupenda ukate kabla ya neno la mwisho, usubiri. Huo ni mchezo mzuri, ila usijiite mtaalamu wa tiba ya muziki, Uingereza jina hilo linalindwa na sheria na lazima usajiliwe. Kabla hujalipia kituo chochote uliza swali moja tu: mtaalamu anafanya nini wakati mtoto anapiga? Ukijibiwa mtoto atavalishwa hedifoni asikilize nusu saa, hiyo ni biashara nyingine kabisa, na ushahidi wake ni mdogo kuliko bei.