Bangi si majani tu

Mwanafunzi wa uuguzi hapa Kisumu huingia wadini akiwa amesikia tangu utotoni kwamba bangi ni majani tu, na majani hayagombani na dawa za hospitali. Si kweli. Kanabidioli, mojawapo ya kemikali za mmea huo, huvunjwa na ini kwa vimeng'enya vilevile vinavyovunja dawa nyingine nyingi. Kwa mgonjwa anayemeza wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), dawa hiyo inaweza kulimbikizana mwilini hadi akatokwa na damu.

Tena bangi husifiwa kwa kutuliza kichefuchefu, lakini mtu aliyeivuta kwa miaka mingi anaweza kutapika mfululizo, akipata nafuu anapooga maji ya moto tu. Ukimpokea wa namna hiyo, muulize kwa upole, pembeni, jamaa zake wasisikie.

Dawa halisi ipo. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, kanabidioli iliyosafishwa, kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Kipimo chake kinajulikana, na ini la mgonjwa hupimwa. Msokoto wa mtaani hauna kipimo. Kenya ingali inaukataza kwa sheria ya 1994, ila wewe si polisi: andika jibu la mgonjwa kwenye faili, pamoja na dawa zake nyingine.